Kuchapa picha kwenye karatasi ya rangi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaoshinda mbele ya kompyuta na printa: wenye steshenari, wabunifu wa kadi, makatibu wa kamati za harusi, vijana waliokabidhiwa ratiba ya mazishi usiku wa kuamkia siku yenyewe. Nimeyajibu kwa jinsi ninavyofanya kazi mwenyewe. Kazi nyingi za karatasi ya rangi zinazopita mikononi mwangu zina sura ya mtu ndani yake, ndiyo maana sura imepewa nafasi kubwa kuliko mengine.

Kwa nini picha iliyopendeza kwenye skrini inatoka chafu kwenye karatasi ya rangi?

Kwa sababu printa yako haina wino mweupe. Fungua kifuniko uhesabu: sayani, majenta, njano na nyeusi. Basi. Weupe wa kanzu, wa meno, wa shela la bibi harusi, hauchapwi. Printa inaparuka mahali hapo na kuacha karatasi wazi. Karatasi ikiwa ya waridi, kanzu nayo itakuwa ya waridi.

Hata pale palipochapwa, karatasi haijafichwa. Wino wa printa hupitisha mwanga kama kioo cha rangi. Mwanga unapenya wino, unagonga karatasi, kisha unarudi machoni ukiwa umepunguzwa na vyote viwili. Tona, yaani unga wa rangi wa printa ya leza, inaonekana nzito zaidi, lakini kwa sehemu kubwa mambo ni hayo hayo. Skrini kazi yake ni tofauti: weupe wake ni mwanga wenyewe, unaowaka.

Kwa hiyo karatasi ndiyo rangi ya kwanza ya picha yako, imeshapakwa kabla hujabonyeza kitu chochote. Kuanzia hapo unaweza kupunguza mwanga tu. Hakuna sehemu ya picha itakayong'aa kuliko karatasi yenyewe.

Hesabu yake ikoje?

Ni kuzidisha. Chukua namba za rangi za picha (nyekundu, kijani, bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255), zidisha na namba za karatasi, gawanya kwa 255. Ni makadirio, lakini yanakaribia sana kitakachotoka.

Tuseme karatasi ni ya krimu iliyokolea: 255, 243, 200. Kwenye picha kuna anga la bluu mpauko: 200, 200, 255. Zidisha, utapata 200, 191, 200. Tazama namba hizo zilivyo karibu karibu: anga limegeuka kijivu. Hakuna aliyekosea mahali popote, wala katriji haijaisha. Unjano wa karatasi umemeza bluu yote iliyokuwepo.

Ndiyo maana kwenye karatasi za njano na krimu rangi ya kwanza kuumia ni bluu. Kwenye waridi inaumia kijani, inaelekea kahawia. Kwenye kijani na samawati inaumia nyekundu, na nyekundu ndiyo uhai wa ngozi ya mtu.

Nitaonaje matokeo kabla ya kupoteza karatasi?

Kwenye Photoshop, GIMP au programu yoyote ya picha yenye leya (tabaka zinazopangwa moja juu ya nyingine), weka leya mpya juu ya picha, ijaze rangi ya karatasi, kisha badilisha modi yake iwe Multiply, yaani kuzidisha. Hesabu niliyoieleza hapo juu inafanywa yenyewe kwa kila pikseli, nawe unaona picha ikiwa imekaa kwenye karatasi. Fanya marekebisho yako kwenye leya ya chini huku ile ya juu ikiwa imewashwa. Ukimaliza, izime kabla ya kuchapa. Usipoizima, rangi ya karatasi itachapwa juu ya karatasi yenye rangi ile ile. Nimeona bunda zima la kadi za mwaliko likiharibika kwa kosa hilo moja, saa mbili kabla kamati haijaja kuzichukua.

Rangi ya karatasi utaipata wapi? Usiikisie, na usiamini jina lililoandikwa kwenye pakiti. Laza karatasi ya rangi kando ya karatasi nyeupe ya kawaida, kivulini, nje, mchana. Piga picha zote mbili kwa pamoja. Kwenye kompyuta rekebisha picha hiyo mpaka ile nyeupe iwe nyeupe kweli, kisha ndipo uchukue rangi ya jirani yake kwa kifaa cha kuchotea rangi kilichomo kwenye programu. Skana nayo inafaa, ila zima marekebisho yake ya moja kwa moja, maana skana nyingi zikiona karatasi ya krimu huidhania kuwa nyeupe iliyochafuka na kuisafisha.

Vipi kuhusu profaili za ICC?

Profaili ya ICC ni faili linaloieleza kompyuta jinsi printa na karatasi fulani zinavyotoa rangi. Kama mchapaji wako ana profaili iliyopimwa kwa karatasi hiyo hiyo, mshukuru Mungu na uitumie. Inajua rangi ya karatasi na namna inavyopokea wino. Kwa karatasi za rangi za dukani, profaili hizo ni adimu.

Jambo moja la kuangalia hapa. Unapotazama kwenye skrini, washa chaguo la kuigiza rangi ya karatasi. Unapochapa, kwenye mipangilio ya rangi chagua Relative Colorimetric, inayoichukua karatasi kuwa ndiyo nyeupe, si Absolute. Ukiacha Absolute, printa itajaribu kuufuta unjano wa karatasi kwa kunyunyiza sayani na majenta kidogo, ambazo kwa pamoja hutoa bluu, kila mahali palipotakiwa kuwa peupe. Bluu kidogo juu ya njano haileti nyeupe, inaleta kijivu. Kadi nzima itaonekana kama imeshikwa na mikono yenye vumbi.

Je, nijitahidi kurudisha kila rangi iliyopotea?

Hapana. Wengi wanaharibu kazi hapa, hasa wale wenye bidii.

Jicho la mtu si skana. Ukimkabidhi mtu kadi ya krimu, ndani ya muda mfupi jicho lake linaichukua ile krimu kuwa ndiyo nyeupe, na rangi nyingine zote linazisoma kwa kulinganisha na hapo. Shela linaonekana shela. Gazeti la Financial Times la Uingereza limechapwa kwenye karatasi ya rangi ya waridi tangu 1893, na wasomaji wake hawalalamiki kwamba mashati ya watu pichani yana waridi. Ukirekebisha kwa asilimia mia, picha inatoka ya kibuluu, ya baridi, kama imebandikwa kutoka mahali pengine.

Mimi huanza na nusu ya marekebisho, nachapa kipande, natazama. Mara nyingi nusu inatosha. Kwenye krimu hafifu wala sifiki nusu.

Angalizo: jicho linazoea pale karatasi inapokuwa peke yake. Ukiiweka krimu juu ya meza kando ya karatasi nyeupe ya ofisi, krimu itaonekana njano kupita kiasi. Karatasi nyingi za ofisi zimetiwa dawa ya kung'arisha inayobadilisha miale ya urujuanimno kuwa mwanga wa bluu, hivyo zinaonekana nyeupe kuliko nyeupe. Usihukumu chapa yako ukiwa umeizungushia karatasi za aina hiyo.

Sura ya marehemu imetoka kama ya majivu kwenye karatasi ya samawati. Nifanye nini?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu. Karatasi ya samawati na ya zambarau mpauko zinapendwa sana kwa wasifu na ratiba za ibada ya mazishi, na ni karatasi ngumu kuliko zote kwa ngozi yetu.

Tuchukue shavu lenye 120, 80, 60, ngozi ya maji ya kunde iliyokolea. Karatasi ni 200, 225, 245. Zidisha: unapata 94, 71, 58. Mwanzoni nyekundu ilikuwa juu ya bluu kwa 60, sasa ni kwa 36 tu. Uso umekuwa mweusi zaidi na joto limetoka. Huo ndio ujivu unaouona. Watu wa nyumbani wanaushtukia mara moja hata wasipojua kuueleza. Mama mmoja aliishika karatasi kaunta kwangu, akaitazama muda mrefu, akaniambia taratibu, "Mwanangu, huyu si yeye." Nikamwambia, "Nisamehe mama, nipe nusu saa." Kompyuta ilikuwa inaonyesha picha nzuri kabisa. Lakini yule mama alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimekosea.

Ili shavu hilo lirudi kama lilivyokuwa inabidi uchape 153, 91, 62, yaani uinue nyekundu sana, kijani kidogo, bluu karibu uiache. Nusu ya marekebisho ni kama 136, 85, 61. Kwenye Curves, ule mstari wa kurekebisha mwanga wa picha, fungua chaneli ya nyekundu, shika katikati, pandisha. Kisha kijani kwa theluthi ya kiasi hicho hivi. Fanya kwenye ngozi tu ukiweza, kwa kuweka barakoa ya programu (mask), inayoyabana marekebisho yabaki kwenye uso na mikono, kwa sababu ukipandisha nyekundu picha nzima, suti nyeusi inageuka hudhurungi.

Halafu kuna paji la uso. Mng'ao wa paji huwa na namba kama 225, 190, 165. Kuufidia kwenye karatasi hii unahitaji nyekundu ya 287, namba isiyokuwepo. Hapo karatasi imekushinda, kubali. Unachoweza kufanya ni kushusha kidogo vivuli vilivyo pembeni, kandokando ya pua na chini ya kidevu, ili paji lionekane limeng'aa kwa kulinganishwa navyo. Usizidishe, uso usije ukaonekana umechoka.

Kisha chapa uso peke yake, ukubwa ule ule utakaotumika, uonyeshe mtu aliyemfahamu marehemu. Msubiri aseme. Hakuna kipimo kinachozidi hicho.

Na kama muda upo, mshauri mteja kwa upole. Mwambie: karatasi ya krimu itamtunza mzee vizuri zaidi, na samawati tutaiweka kwenye pambo la pembeni. Wengi wanakubali wakishaona vipande viwili kwa pamoja.

Krimu basi haina shida kwa ngozi?

Ina shida ndogo. Unjano hafifu unaipa ngozi joto, na kwa ngozi nyingi joto hilo linapendeza. Angalia tu weupe wa macho na meno, usikolee unjano. Punguza njano hapo mpaka pabaki karatasi tupu. Namna hiyo hiyo kwa shela na shati jeupe: vivuli vya mikunjo viachie kijivu cha wino mweusi pekee.

Nikibadilisha picha iwe nyeusi na nyeupe?

Mara nyingi ndilo jibu zuri kuliko yote. Picha isiyo na rangi haiwezi kugombana na karatasi. Nyeusi juu ya krimu, juu ya waridi, hata juu ya kijani mpauko, inasimama na heshima yake.

Sharti moja: iwe nyeusi ya wino mweusi peke yake. Printa ikiachiwa, itatengeneza kijivu kwa kuchanganya sayani, majenta na njano, na mchanganyiko huo ukikaa juu ya karatasi ya rangi unaegemea upande, mara kijani, mara zambarau. Ingia kwenye mipangilio ya printa uchague kijivu kwa wino mweusi tu. Kisha ongeza tofauti kati ya mwanga na giza, kwa sababu karatasi imekwisha kupunguza upande wa mwanga.

Picha imetoka nyeusi nyeusi hata kwenye krimu hafifu. Ni rangi hiyo?

Pengine si rangi, ni unywaji. Karatasi za rangi za dukani, na manila pia, hazina kipako. Wino unatambaa kwenye nyuzi zake na kila kitone kinavimba. Kwenye uchapaji wa ofseti, ule wa mashine za kiwandani, eneo lililotengenezwa kuwa asilimia 50 ya wino linaweza kuonekana kama karibu asilimia 70 kwenye karatasi isiyo na kipako. Basi inua sehemu za kati za picha kabla ya kuchapa, giza kabisa na mwanga kabisa uviache. Kwa kazi inayokwenda kiwandani, jumla ya asilimia za wino zote nne kwenye sehemu nyeusi isivuke 300. Ikivuka, inachelewa kukauka na kadi zinachafuana mgongoni.

Kwenye printa ya leza tatizo ni jingine. Manila ikichapwa kwa mpangilio wa karatasi ya kawaida, tona haiivi, ukipitisha kidole inatoka. Chagua karatasi nzito. Karatasi zenye mistari ya kuingia, kama zile za Conqueror zinazopendwa kwa vyeti, tona hupata shida kufika kwenye vibonde vyake, kwa hiyo picha usiipe sehemu pana za giza la kati. Maandishi hayana neno.

Nikitaka nyeupe halisi juu ya karatasi ya rangi?

Inawezekana, ila si kwa printa ya kawaida. Kuna printa za leza zenye tona nyeupe, kuna mashine za UV (zinazokausha wino kwa miale ya urujuanimno) zenye wino mweupe, na kuna uchapaji wa skrini, ule wa fulana, ambao wino wake ni mzito na unaifunika karatasi. Unachapa nyeupe kwanza kama godoro, rangi zinafuata juu yake. Kwa karatasi nyeusi au ya bluu iliyoiva hakuna njia nyingine: usipoteze hata karatasi moja kujaribu kwa wino wa kawaida.

Wachoraji walilijua hili zamani. Albrecht Dürer wa Ujerumani, alipochora ile mikono inayosali mwaka 1508, alitumia karatasi ya bluu. Vivuli aliviweka kwa wino, na mng'ao wa vidole akaupaka kwa rangi nyeupe. Mchoro upo Vienna, kwenye jumba la Albertina. Bluu ya karatasi imekuwa rangi ya kati, nyeusi inashuka, nyeupe inapanda. Sisi tumenyimwa ile nyeupe ya kupanda, ndiyo maana tunahangaika.

Je, siwezi kuchapa hiyo rangi ya karatasi juu ya karatasi nyeupe?

Unaweza, na kwa ratiba yenye picha kubwa ya uso ningekuomba uifikirie kwanza kabla ya mengine yote. Unajaza krimu au samawati ukurasa mzima, unaacha dirisha la picha likiwa jeupe, na uso unachapwa kama kawaida. Gharama yake: wino unatumika zaidi, printa nyingi zinaacha ukingo mweupe unaopaswa kukatwa, na ukikunja karatasi nyeupe inajitokeza kwenye mkunjo. Rangi ikiwa mpauko sana, vitone vya printa ya wino vinaonekana ukisogeza karibu. Kwa nakala 50 inafaa. Kwa nakala 1,000 piga hesabu ya tona kwanza.

Nembo ya kampuni au ya shule nayo niirekebishe?

Rekebisha, lakini kwa ruhusa. Nembo ya bluu juu ya karatasi ya njano inaelekea kijani, na mwenye nembo atakuuliza. Ninachofanya ni kuomba nembo ya rangi moja, nyeusi au bluu iliyoiva sana. Rangi iliyoiva haiathiriki kama iliyopauka, kwa sababu karatasi haipati nafasi ya kusema.

Mteja anataka kuidhinisha rangi kwa WhatsApp. Nimtumie nini?

Usimtumie faili. Chapa kipande, kilaze kando ya karatasi nyeupe karibu na mlango, piga picha vyote viwili, tuma hiyo. Simu yake itabadilisha rangi kwa namna yake, lakini ile karatasi nyeupe pembeni itamsaidia kulinganisha. Mwandikie wazi kwamba rangi ya mwisho ni ya karatasi atakayoishika mkononi. Kwa kazi ya sura, mwombe aje dukani, au mpelekee kipande kwa bodaboda. Nauli hiyo ni ndogo kuliko kurudia kazi.

Kwa nini rangi dukani si sawa na rangi ukumbini?

Taa. Balbu ya manjano inaongeza unjano wa krimu, taa nyeupe kali inaongeza ubaridi wa samawati. Viwanda hutazama chapa chini ya mwanga uliowekewa kiwango, wa kelvini 5,000. Dukani kwangu kiwango hicho ni mlangoni, kivulini, saa nne asubuhi. Kama kadi zitasomwa usiku ukumbini, zitazame pia chini ya balbu ya njano kabla hujaendelea.

Nijaribu mara ngapi kabla ya kuchapa zote?

Karatasi moja inatosha ukiigawa. Kata kipande kile kile cha picha, chenye uso, kitu cheupe na kitu cheusi, kirudie mara nne kwenye A4 moja: bila marekebisho, robo, nusu, na robo tatu. Andika chini ya kila kimoja, la sivyo utasahau. Acha wino ukauke dakika kumi na tano ndipo utazame, maana ukiwa mbichi unaonekana umeiva zaidi.

Nunua karatasi zote za kazi kwa pamoja, na ziada kidogo, kutoka boksi moja. Waridi ya pakiti ya leo na waridi ya wiki ijayo zinaweza kutofautiana hata zikiwa na jina moja, na marekebisho uliyoyafanya yanafuata ile uliyopima. Karatasi ya majaribio nayo usiitupe. Iandike tarehe, aina ya karatasi na printa, uitie kwenye faili. Yangu sasa ina kurasa nyingi, na mteja akiingia na karatasi ya zambarau mkononi, ndiyo ninayoifungua kwanza.